SOMO LA AFYA: Vita Ndani ya Utumbo

Huenda umewahi kuona mtoto anayekula lakini hakui. Asubuhi anakunywa uji. Mchana anakula ugali na maharage. Anahara siku tatu, anapona, mwezi ujao anahara tena. Wenzake waliozaliwa naye wanampita kwa kimo. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanamlaumu mama yake kuwa anamnyima chakula. Mara nyingi mama huyo hana kosa, wala hakuna mchawi. Leo tutaangalia ndani ya utumbo wa mtoto huyo.

Ukuta mwembamba

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Ndani yake hauko laini kama mpira wa baiskeli. Umejaa vidole vidogo vya nyama, vingi visivyohesabika. Kila kimoja ni kifupi sana, urefu wake ni kama milimita 1 au pungufu. Siku mkichinja mbuzi, pasua kipande cha utumbo mwembamba, kioshe, kiloweshe katika maji safi, kisha pitisha kidole upande wa ndani. Utahisi kama unagusa taulo. Hivyo ndivyo vidole tunavyosema. Kazi yake ni kunyonya chakula kilichosagwa na kukipeleka katika damu.

Ngozi inayofunika vidole hivyo ni safu moja tu ya chembe hai. Ngozi ya mkono wako ina safu nyingi, nayo ni ngumu, lakini hata ukipaka uji mkononi mchana kutwa hutashiba. Ngozi nene hainyonyi chakula. Kwa hiyo ukuta wa utumbo hauna budi kuwa mwembamba, na ukuta mwembamba ni rahisi kubomolewa. Mwili unalijua jambo hili. Kila baada ya siku 3 hadi 5 huondoa safu ya zamani na kuweka mpya.

Walinzi wa utumbo

Pamoja na chakula na maji, kila siku tunameza vijidudu. Tumboni vinakutana na tindikali kali ambayo huua vingi. Vinavyopona vinaingia utumboni na kukuta ute. Ute huo huteleza na kuvinasa, kisha hutoka navyo katika choo. Tena utumboni, hasa katika utumbo mpana, wanaishi bakteria wema, maelfu ya mamilioni. Hao wamekalia nafasi na kula chakula kilichopo, hivyo wageni wabaya wanakosa pa kukaa.

Nyuma ya ukuta kuna askari wenyewe. Hao ni chembe nyeupe za mwili. Sehemu kubwa ya askari wa mwili mzima imewekwa utumboni, maana hapo ndipo adui wengi wanapopitia. Wana hata vituo vyao. Katika utumbo wa mbuzi mchanga unaweza kuviona kwa macho: ni mabaka yaliyovimba kidogo karibu na mwisho wa utumbo mwembamba. Daktari mmoja wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliyaeleza mabaka hayo katika kitabu mwaka 1677. Wachinjaji, nadhani, walikuwa wakiyaona zamani kabla yake.

Kazi ya askari hao ni ngumu kuliko ya wenzao wa sehemu nyingine. Askari aliye katika damu akikuta kitu kigeni hukishambulia. Lakini utumboni karibu kila kitu ni kigeni. Maharage ni mgeni. Dagaa ni mgeni. Bakteria wema nao ni wageni. Askari wa utumbo wakipigana na kila mgeni, mtu hatakula chochote. Basi wamefundishwa kuvumilia. Huchunguza wanaopita, wakawaacha raia, wakamkamata mwizi. Silaha yao ya kila siku ni kingamwili, ambazo humwagwa katika ute, zikamshika kijidudu asiguse ukuta. Silaha hiyo hufanya kazi kimya kimya, bila kuumiza nyumba.

Mtoto mchanga bado hajaweza kutengeneza kingamwili hizo kwa wingi. Hupewa na mama yake kwa njia ya maziwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano yaitwayo dang'a, yana kingamwili nyingi kuliko yote. Zipo mahali ambapo dang'a hukamuliwa na kumwagwa kwa kuwa huonekana machafu. Huko ni kumwaga ulinzi wa mtoto.

Vita vikianza

Ukichomwa na mwiba mguuni, mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na huuma. Mwiba wenyewe haukuleta joto. Ni mwili unapigana: mishipa ya damu imepanuka, maji na askari wamemiminika mahali pale. Hali hii wataalamu huiita mchochota. Utumbo nao hupatwa na mchochota, ila hatuuoni.

Tazama ugonjwa wa kuhara damu. Kijidudu chake kinaitwa Shigela, kwa jina la Kiyoshi Shiga wa Japani aliyekigundua mwaka 1897. Ni adui mjanja. Tindikali haimwui kwa urahisi, na vijidudu 10 hadi 100 tu vinatosha kumlaza mtu. Idadi hiyo inaweza kukaa chini ya ukucha mmoja. Vikifika katika utumbo mpana vinaingia ndani ya chembe za ukuta na kuzaana humo. Askari wanapiga kelele, wenzao wanakuja kwa wingi, na wanamwaga sumu zao kuua adui. Adui anauawa, lakini ukuta nao unachomeka. Hufanyika vidonda. Ndipo mgonjwa anapata homa, tumbo linamnyonga, anakwenda chooni mara nyingi na kutoa kidogo kidogo, choo chenye ute, usaha na damu. Usaha ule ni askari waliokufa vitani.

Damu katika choo huweza kuletwa pia na amiba, au kichocho cha matumbo kwa wanaooga na kuvua katika maji yenye konokono wa kichocho. Kila ugonjwa una dawa yake. Ndiyo sababu mganga wa zahanati hutaka kupima choo.

Vita visivyokwisha

Vita vya kuhara damu vinaonekana. Vipo vingine visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyomdumaza mtoto wetu. Mtoto anatambaa uani. Kuku wamepita hapo, mbuzi wamelala hapo, na mtoto wa jirani amejisaidia nyuma ya nyumba. Anatia mkono mdomoni. Kila siku anameza uchafu kidogo. Huenda hahari, lakini askari wake hawapumzi. Wanapigana leo, kesho na keshokutwa. Ukuta hauna nafasi ya kupona. Vile vidole vidogo vinakuwa vifupi na butu, kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Sasa uji ukipita, sehemu ndogo tu inanyonywa. Ukuta pia hupata nyufa, uchafu unapenya hadi katika damu, na askari wa mwili mzima wanaitwa. Chakula kilichopaswa kujenga mifupa kinawalisha askari.

Je, hili ni la watu wa nchi zetu kwa asili yao? Hapana. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikwenda kufanya kazi za kujitolea Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Walifika na afya njema. Baada ya kuishi huko, madaktari walichukua vipande vidogo vya ngozi ya utumbo wao na kukuta vidole vimeharibika. Waliporudi kwao, utumbo wao ulipona polepole. Basi ni mazingira, na jambo la mazingira linaweza kubadilishwa.

Lakini tusidanganyane kuwa kubadilisha ni rahisi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga. Familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya klorini ya kutia katika maji. Kimo cha watoto wao hakikuzidi cha wengine. Waliopewa chakula cha nyongeza chenye virutubisho waliongezeka kimo kidogo. Mwaka 2019 Zimbabwe nako waliona hivyo hivyo. Je, tuache kunawa? La. Kunawa kwa sabuni huzuia kuhara kwingi, na kuhara damu hupitia mikononi. Wataalamu wengi waliona kwamba uchafu ulipungua, lakini haukupungua vya kutosha. Kaya moja ikichimba choo katikati ya kaya tisa zisizo na choo, nzi na maji ya mvua havijui mpaka. Na choo hakizuii kinyesi cha kuku jikoni.

Kwa hiyo jambo hili lipelekwe katika mkutano wa kijiji, lisiachiwe akina mama peke yao. Kila kaya iwe na choo. Kuku wajengewe banda, wasilale tunapopikia. Mtoto anayetambaa awekewe mkeka safi. Kinyesi cha mtoto mdogo kitupwe chooni. Wengi hudhani hakina madhara, kumbe kina vijidudu kama cha mtu mzima. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Na umpeleke kliniki mapema, akiwa na wiki 6, apate matone ya chanjo ya rotavirusi, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2013. Matone hayo huwafundisha askari wa utumbo sura ya adui kabla hajafika. Siku ya kurudi imeandikwa katika kadi.

Mtoto akihara

Usimnyime chakula wala ziwa. Utumbo unaojijenga upya unahitaji chakula kama fundi anavyohitaji udongo. Mpe maji ya ORS. Soma kwanza maandishi ya pakiti, maana nyingine huchanganywa na lita 1 ya maji salama na nyingine nusu lita. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Zahanati itakupa pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Vidonge hivyo hupewa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, kwa sababu ukuta bado unatengenezwa.

Usimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo. Hufungia adui ndani. Usitumie vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani. Huua bakteria wema, na huenda visimguse adui mwenyewe.

Ukiona damu katika choo, au macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, usingoje kesho. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza. Kuhara kukifika siku 14 mpeleke pia, hata kama anacheza.