Panya shambani: anza kabla ya kupanda

Panya hudhibitiwa kabla mbegu haijaingia ardhini, tena na majirani wote kwa pamoja.

Panya shamba wa Morogoro na kwingineko Tanzania hufukua mahindi yaliyopandwa na kukata miche michanga, na hasara kubwa hutokea katika wiki 2 za mwanzo. Ukisubiri kuona vishimo vitupu kwenye mstari, umeshachelewa. Kwa hiyo fyeka kingo za shamba mapema, ondoa mabua ya msimu uliopita na tega mitego kabla ya kupanda. Ongeza bidii mvua za vuli zinapozidi, maana majani na mbegu tele humwezesha jike kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mzao mmoja.

Wapo watakaosema sumu ni rahisi zaidi. Ni kweli inaua, lakini shamba lililosafishwa peke yake hujazwa upya na panya wa mashamba ya pembeni, na fedha imekwenda bure. Kubalianeni siku moja ya kutega au kuweka chambo kitongoji kizima. Ukitumia sumu, itumbukize ndani ya shimo, si juu ya tuta wanakopita kuku na watoto. Vaa glavu, zika mizoga, na kamwe usichanganyie chambo kwenye sufuria ya ugali. Bundi usimuue, hata kama wengi humwita ndege wa uchuro: huyo anawinda panya usiku. Kihenge nacho kiinue mita 1 kutoka ardhini, kila nguzo uivishe koni ya bati.