Mama Hakujinyima: Mafunzo Niliyopata Yeoville

Kwenye matanga ya mama hapa Yeoville, Johannesburg, karibu kila aliyesimama alisema kitu kimoja: alijinyima kwa ajili ya watoto. Sisi wa Bukavu, Kongo, tukimzika mwanamke, hiyo ndiyo sifa iliyo tayari mdomoni. Kwa heshima zote, wazee wangu, mlimsifu mtu mwingine.

1. Mama alipenda kazi.
Alikuwa muuguzi wa A1, yaani wa ngazi ya chuo, aliyesomea ISTM, chuo cha ufundi wa tiba cha Bukavu, na angefanya kazi hata kama asingezaa. Sare yake hakumwachia mtu kuipiga pasi. Kwenye mikutano ya wazazi shuleni alimtuma mama mdogo, nami nilinuna miaka mingi. Siku hizi naona alitupenda na alipenda wodi, na hakudhani anadaiwa maelezo.

2. Sahihi yake aliitaka iwe yake.
Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Mshahara ni wake, mkopo mpaka baba akubali. Baba alikubali kila mara, tena akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuudhi. Julai 2016 sharti hilo likafutwa. Wakati huo mama alishazoea kupanga nyumba kwa jina lake huku Johannesburg. Nilipompa habari aliuliza tu kama sheria bado inamwita mume mkuu wa nyumba. Bado inamwita hivyo. Akarudi kwenye chai yake.

3. Cheti kinaweza kukwama, mtu asikwame.
Alifika Afrika Kusini mwaka 2002, wakati waombaji hifadhi wapya walikatazwa kufanya kazi na kusoma. Novemba 2003 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Bloemfontein ilibatilisha marufuku hiyo, katika kesi ya mjane wa Zimbabwe aliyetaka mwanawe mwenye ulemavu asome. Mama aliikumbuka kesi hiyo kuliko siku zetu za kuzaliwa! Lakini ruhusa ya kazi haikuwa ruhusa ya uuguzi. Diploma ilipaswa kutafsiriwa kutoka Kifaransa, itathminiwe na SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Afrika Kusini, kisha Baraza la Wauguzi liamue. Huku akisubiri alianza kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, akapanda mpaka kusimamia zamu ya usiku. Usajili haukuja. Majirani wa ghorofa yetu walimletea watoto wenye homa usiku wa manane. Aliwapima, akawaelekeza kliniki, na hakupokea hata randi.

4. Jikoni si pa mama peke yake.
Jumamosi alipitia soko la Raleigh Street, akanunua sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi), akapika chungu cha wiki nzima. Siku nyingine kaka na mimi tulisonga bugali wenyewe. Wanawake wa jengo walimuuliza nani anatupikia. “Wana mikono,” alijibu.

5. Kibao cha kaburi kinabishaniwa.
Mjomba alitaka “mama mpendwa”, basi. Mimi nilitaka na kazi yake iandikwe. Fundi alitoza kwa herufi, kwa hiyo ubishi ukaisha haraka: mjomba akalipia “mama mpendwa”, mimi nikalipia “muuguzi”.