Dondoo muhimu: Maua ya cheri katika bonde la Jerte

Anayetaka kuyaona maua meupe ya cheri ya bonde la Jerte, mkoani Cáceres, magharibi mwa Hispania, asikate tiketi mapema mno. Kwa kawaida huchanua kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, hudumu wiki mbili hivi, na tarehe hubadilika kila mwaka kufuatana na baridi. Aliyechelewa asikate tamaa: miti ya chini bondeni hutangulia, ya juu milimani hufuata siku kadhaa baadaye.

Usiku baridi huuma. Sweta ni lazima.

Maduka mengi ya vijijini hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi jioni, hivyo maji na mkate vinunuliwe asubuhi. Mwenye njaa aagize migas, makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu na paprika, hushibisha kweli.

Mashamba yale ni riziki ya watu. Mgeni asivunje tawi hata moja, na lango alilolikuta limefungwa alifunge tena, mifugo isitoroke. Mpenda matunda arudi Juni au Julai, msimu wa picota, cheri inayochumwa bila kikonyo.