Mwalimu na Duka Lake la Mtandaoni

Dada yangu anafundisha hisabati Mombasa. Usiku anaandika maazimio ya kazi na mazoezi. Je, ayauze?

Hebu tuangalie hesabu kwanza. Zoezi moja likimchukua saa 10, akiuza nakala moja, hiyo ni jasho la saa 10. Akiuza nakala 100, ni dakika 6 tu kwa kila nakala. Faida iko hapo.

Mwaka 2006 mwalimu wa New York, Paul Edelman, alianzisha Teachers Pay Teachers, soko la walimu kuuziana. Wateja wapo, lakini soko hukata kamisheni. Kwenye duka lako mwenyewe hukatwi kamisheni ya soko, ila wateja unawatafuta mwenyewe. Kenya, tangu M-Pesa ije mwaka 2007, hata malipo madogo si tatizo.

Sasa jamani, kazi ni ya nani? Sheria ya hakimiliki ya Imarati, Na. 38 ya 2021, humpa mwajiri haki ya kazi iliyotokana na ajira au iliyotumia vifaa vyake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kenya nako, kazi ya ajira kwa kawaida ni ya mwajiri. Kwa hiyo:

1. Soma mkataba, omba ruhusa kwa maandishi.
2. Usichukue michoro ya vitabu vya watu.
3. Ukiwa Dubai, ulizia leseni kabla ya kuuza.

Wanafunzi wa kompyuta, wajengeeni walimu wetu maduka. Somo wanalo tayari!