Mstari Uliolala Kadini

SWALI: Binti yangu ana miezi tisa. Miezi miwili sasa uzani wake haujaongezeka, ingawa anatambaa na kucheka. Mama mkwe asema ukoo wetu ni wa watu wembamba, nisihangaike. Je, ni kweli? (Mama, Pangani)

JIBU: Bibi, mama mkwe wako hakukosea kunena kwamba watoto hawalingani maumbile, na wapo wembamba wenye siha kamili, lakini kadi ya kliniki haikuwekwa ili kumshindanisha mwanao na wa jirani, bali kuonyesha mwendo wake mwenyewe, na mstari uliokuwa ukipanda kisha ukalala ni jambo la kushughulikiwa, hata mtoto akicheka. Aghalabu mtoto hufikia mara tatu ya uzani wa kuzaliwa atimizapo mwaka. Kasi hupungua, ila haisimami.

Litazame kwanza bakuli lake. Uji mwepesi humjaza tumbo bila kumpa nguvu: uwe mzito wa kukaa kijikoni, utiwe tui la nazi au karanga zilizosagwa laini, apate na samaki aliyechambuliwa miiba, naye aendelee kunyonya. Kisha, wiki hii, muuguzi ampime tena akiwa hana nguo, amzungushie na utepe mkono wa juu. Chini ya milimita 125 ni utapiamlo, chini ya 115 ni hatari. Akiharisha mfululizo, akikataa kunyonya, au akivimba miguu yote miwili, usingoje siku ya kliniki: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.