Picha Moja Haitoshi: Somo la Kupiga Picha za Mwezi, Sayari na Jua

Yeyote aliyewahi kuelekeza simu yake angani usiku wa mbalamwezi anaifahamu fadhaa hii: machoni mwezi ulikuwa na mabaka na nuru laini, lakini kwenye picha umekuwa tone jeupe lisilo na chochote ndani yake. Wengi huilaumu kamera. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mara nyingi kosa si la kamera, bali ni la kutofahamu kinachopigwa picha, na kwamba asiye mtaalamu wa falaki akilifahamu hilo, anaweza kupata picha zenye manufaa hata kwa wataalamu. (Tumesema falaki wala si unajimu, kwa kuwa katika masikio ya wengi mnajimu angali mpiga ramli.)

Tuanze na mwezi. Mwezi ni jiwe lililo juani. Giza ni la anga iliyouzunguka, si lake. Kamera inayojipimia nuru huona eneo kubwa la giza, ikadhani mandhari yote ni hafifu, ikapokea nuru kwa muda mrefu kupita kiasi. Mpiga picha hana budi kuipokonya uamuzi huo na kutumia vipimo vya mchana. Kwa mwezi mpevu, ISO 100, tundu la f/11 na muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde ni mwanzo mzuri. Hata hivyo, mwezi mpevu unaosifiwa mno na washairi ndio usiofaa sana kwa kazi hii. Wakati huo jua huumulika kutoka upande wetu, vivuli vikatoweka na milima ikaonekana bapa. Siku ya saba hivi baada ya kuandama, mwezi ukiwa nusu, jua ndipo linapochomoza kwenye mstari unaotenga nuru na giza, na kingo za mashimo yake hutupa vivuli virefu. Simu iliyoshikwa kwa utulivu kwenye kioo cha kutazamia cha darubini ndogo huweza kuyanasa hayo.

Sayari ni shughuli nyingine. Mshtarii ndiyo kubwa kuliko zote, lakini zingehitajika karibu 40 kama hiyo, ubavu kwa ubavu, kuufikia upana wa mwezi tunaouona. Wanaoeneza kila Agosti ule uvumi ulioanza mwaka 2003, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi, wangelitafakari jambo hili kwanza. Tena, ndani ya darubini kijiduara hicho hutikisika mithili ya sarafu iliyo chini ya maji ya mto. Kinachotikisika si sayari, ni hewa. Mafungu ya hewa ya joto na ya baridi hupishana juu yetu, na kila fungu huipinda nuru kwa namna yake. Hewa inapotulia, nasi tutaiita hali hiyo utulivu wa anga, picha hukaa wazi kwa kitambo kifupi, kisha ikavurugika tena.

Dawa yake ni kutopiga picha moja. Mpiga picha hufunga kamera ndogo ya video kwenye darubini na kurekodi maelfu ya picha mnato, kila moja kwa muda mfupi mno. Nyingi huwa mbovu. Chache hunasa dakika za utulivu. Programu za kompyuta kama vile RegiStax na AutoStakkert, ambazo hupatikana bila malipo, huzipanga picha hizo kwa ubora, zikateua kwa mfano kumi katika kila mia, zikazirundika moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake. Chengachenga zilizotawanyika ovyo hufutana, ilhali umbo la sayari hubaki. Wastani wa picha 100 hupunguza chenga mara 10. Hata hivyo kurekodi kuna mpaka: Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa kumi, hivyo video ya dakika nyingi humpa mpiga picha mistari iliyopakazika.

Je, haya yana faida gani zaidi ya kupamba ukuta? Usiku wa tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mtayarishaji programu za kompyuta huko Murrumbateman, Australia, alikuwa akiirekodi Mshtarii kwa darubini yake nyumbani. Nusura akatize kazi usiku huo. Aliporejea baada ya kupumzika aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini, mahali ambapo siku mbili kabla hapakuwa na kitu. Aliwaarifu wengine, na darubini kubwa ya NASA huko Hawaii ikathibitisha kwamba kitu fulani kilikuwa kimeigonga sayari hiyo. Darubini kubwa ni chache na ratiba zake zimejaa. Haziwezi kuikodolea macho sayari moja kila usiku.

Sisi tunaoishi kwenye ikweta tuna neema ambayo hatuitumii. Sayari hazipotoki mbali na njia ya jua, kwa hiyo huku hupita juu sana. Mwezi Juni 2019, Mshtarii ilipanda takribani nyuzi 16 tu kutoka upeo wa macho jijini London. Nairobi ilifika karibu nyuzi 69. Nuru yake huko London ilipenya hewa zaidi ya mara tatu ya ile ya kwetu. Aidha, taa za jiji, ambazo huficha nyota hafifu, haziidhuru Mshtarii wala Zohali. Mwanafunzi aliye bwenini mjini hahitaji kusafiri hadi jangwani. Aepuke tu paa la saruji na uwanja wa lami, kwa kuwa hutoa usiku joto la mchana. Nyasi ni bora.

Kuhusu jua tutasema machache, ila kwa mkazo. Chujio maalumu la jua lifungwe mbele ya darubini, kamwe si nyuma penye jicho, maana huko joto lililokusanywa hulipasua na kumpofusha anayetazama. Miwani ya kawaida haifai hata kidogo. Asiye na chujio atoboe tundu dogo kwenye kadibodi, alipe jua mgongo, kisha apige picha taswira inayoanguka kwenye karatasi nyeupe. Jua lilipobaki pete juu ya Nairobi asubuhi ya tarehe 15 Januari 2010, njia hiyo ingelitosha kabisa. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, na Kenya itakuwa katika eneo la kupatwa kwa sehemu.