Noeli ya Bibi: Kijitabu cha Afya kwa Nyumba za Dzaleka na Lilongwe

Wiki ya Noeli, nyumba nyingi za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, huendeshwa na bibi. Ndiye anayejua nani anakuja kutoka Lilongwe, kuku yupi atachinjwa, mchele umebaki makopo mangapi na mjukuu gani hana nguo ya kanisani. Huamka mapema kuwahi foleni ya bombani, hutwanga sombe (majani ya muhogo), huchambua mchele, na jioni utamkuta kwenye kigoda akimsuka mjukuu. Ukimuuliza hali, atakujibu hajambo.

Tunachoomba katika kijitabu hiki ni kimoja: wakati bibi anamhudumia kila mtu, nyumba nzima ijue afya yake ikoje. Wana, wakwe na wajukuu, someni pamoja naye. Kama hasomi, mjukuu amsomee.

Presha haiumi

Wazee wengi humeza dawa ya presha siku kichwa kikiuma, na kuiacha kikipoa. Hapo ndipo hatari ilipo. Presha inaweza kupanda miaka na miaka bila maumivu yoyote, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Presha ikishuka kwa dawa, imeshuka kwa sababu mtu bado anazimeza, na akiziacha hurudi.

Njia ya kuijua ni kupima. Bibi apumzike kitini dakika tano kwanza, ameegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Asipimwe akiwa ametoka tu kutembea juani na ndoo. Mashine hutoa namba mbili: ikiwa ya juu inafika 140 au ya chini 90, na ikawa hivyo tena siku nyingine, ana presha na anahitaji matibabu.

Sasa jambo ambalo bibi wengi huona aibu kulisema. Dawa moja ya presha inayotolewa sana hufanya mtu akojoe mara kwa mara. Ibada ya Noeli ni ndefu, kwaya ni nyingi, choo kiko mbali na kina foleni. Basi bibi huamua kimyakimya kutoimeza siku hiyo, na kesho yake kuna wageni, haimezi tena. Msimgombeze. Kabla ya sikukuu, aende kituoni amwambie mhudumu tatizo lenyewe, apangiwe saa inayofaa. Kuimeza usiku kwa uamuzi wake mwenyewe si suluhisho, maana ataamka gizani kutafuta choo, na mvua ikiwa imenyesha anaweza kuteleza na kuvunjika nyonga. Kanisani akae karibu na mlango, na mjukuu wa kike akae pembeni yake wa kumsindikiza. Akisahau dozi ya siku moja, asimeze mbili kesho yake kufidia.

Hesabuni vidonge kabla ya Desemba 20. Siku za sikukuu wahudumu huwa wachache. Kama vidonge havifiki Januari, aende mapema Kituo cha Afya cha Dzaleka na kitabu chake cha hospitali. Akisafiri kwenda kumwona binti Lilongwe, dawa na kitabu vikae kwenye mkoba wa mkononi. Visiwekwe kwenye mzigo unaofungwa juu ya gari au nyuma ya minibasi.

Chungu cha sikukuu

Ladha ya chumvi hupungua ulimini kadiri mtu anavyozeeka. Bibi aliyepika miaka arobaini huongeza chumvi hadi aisikie, na wajukuu hula wanachokuta. Mpishi awe yeye, ila wa kuonja awe kijana. Kwa siku nzima mtu mzima hahitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaani gramu 5, pamoja na ile iliyojificha kwenye samaki mkavu na vipande vya kiungo cha supu. Ndagala, au usipa wa hapa Malawi, wakiwa na chumvi waloweke kwa maji ya moto, mwaga, suuza, ndipo uwatie kwenye sombe. Ukishaweka kipande cha kiungo, usiongeze chumvi tena. Nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu vitakipa chungu harufu inayoita watu mlangoni.

Bibi mwenye sukari ana hatari mbili siku hiyo. Moja inajulikana: soda, chai iliyokolezwa sukari, mandazi na wali vyote kwa mkupuo. Ya pili husahaulika. Amechoma sindano au amemeza vidonge asubuhi, kisha anasubiri wageni wafike, watoto wale, wanaume wale, yeye awe wa mwisho. Sukari inashuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kama anaweza kumeza, mpeni upesi maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha chakula. Kama hajitambui, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni kituoni. Kinga yake ni rahisi: bibi ale kwa wakati wake, hata kama wageni bado wako njiani kutoka Lilongwe.

Ikitokea mdomo wake umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanakwama, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Angalieni saa, tafuteni usafiri papo hapo. Msimpe chakula, maji wala kidonge cha ziada cha presha. Maombi yaendelee ndani ya gari. Kituo kikimpa rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu iliyoko Lilongwe, asisafiri peke yake.

Mvua, wageni na maji

Dzaleka iliyokuwa gereza ilifunguliwa kama kambi mwaka 1994, kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000, na baada ya serikali kuwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini mwaka 2023, nyumba nyingi zilibanana zaidi. Ongeza wageni wa Noeli, ongeza mvua za Desemba, na choo kimoja kinabeba watu wengi mno.

Tusisahau kipindupindu. Mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700 nchini Malawi, na Januari 2023 shule za Lilongwe na Blantyre zilichelewa kufunguliwa kwa sababu yake. Maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au yachemshwe, yahifadhiwe kwenye kidumu chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Wekeni ndoo ya maji na sabuni kwenye njia ya kutoka chooni, mgeni asilazimike kuuliza. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto. Wageni wakichelewa, kibaki jikoni kikiwa moto, na kiporo kichemshwe hadi kitoe mvuke hata katikati.

Mtu akianza kuharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yasipokuwepo, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Akiharisha kama maji ya mchele, mpelekeni kituoni huku anaendelea kunywa.

Mvua ikinyesha, watu huingiza mbaula, jiko la makaa, ndani na kufunga mlango. Msifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima hulala isiamke. Pikieni barazani, chini ya bati, watoto wakiwa mbali. Mtoto akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake mafuta wala dawa ya meno.

Usiku bibi huwapa wageni kitanda chake pamoja na chandarua, yeye akalala mkekani. Heshima hiyo inamletea malaria. Chandarua kimoja kinaweza kufungwa juu ya mkeka, bibi na wajukuu wadogo wakalala chini yake. Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto katika utaratibu wa kawaida, Aprili 2019. Ulizeni kituoni kama mjukuu anastahili, lakini chanjo haiondoi chandarua.

Mjukuu ambaye hajatimiza miezi sita asionjeshwe supu, soda wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Tunawaomba bibi walisimamie hili, kwa kuwa neno lao nyumbani husikilizwa kuliko la nesi.

Akinyamaza

Wapo bibi ambao Noeli huwarudisha kimawazo makwao, Fizi na Uvira kule Kongo au Makamba kule Burundi, kwa watoto waliozikwa huko au ambao hawajulikani walipo. Kulia siku hiyo si ugonjwa. Msimkatize kwa kumwambia afurahi. Kaeni karibu naye, mwulizeni majina, mwacheni asimulie. Lakini kama wiki mbili zinapita hali chakula vizuri, halali, hataki hata kwenda kanisani, au anasema heri angekufa, msimwache peke yake. Mpelekeni kituoni, na akitaja kufa iwe siku hiyo hiyo, mkawaeleze wahudumu waziwazi.

Bonane, yaani Mwaka Mpya, ikishapita na wageni wakapanda minibasi, pangeni siku ya kliniki mwezi Januari. Abebe kitabu cha hospitali na paketi zote za dawa, hata zilizokwisha, pamoja na za mitishamba anazotumia, maana baadhi hugongana na dawa za presha. Watoto wake waliofika miaka arobaini wapange foleni naye wapimwe pia, kwa kuwa presha na sukari hufuata ukoo.